Ubani juu ya mashine ya gemu

Juzi mpwa wangu alinionyesha ujumbe kwenye runinga: mashine yake ya gemu imezuiwa kucheza mtandaoni. Nikasikia harufu ya ubani, na hakuna aliyefukiza.

Nilipokuwa mdogo ujumbe kama ule ulitokea nyumbani kwetu Dunda, alasiri. Kaka Hamidu alikaa sakafuni akiutazama tu. Bibi hakuhitaji kuusoma.

"Hilo ni jicho la watu," alisema. Akaleta chetezo, akakizungusha juu ya mashine huku akisoma dua, makaa yakitatarika.

Mimi nilijibanza nyuma ya pazia. Asubuhi ile Kaka alininyima zamu ya kucheza tena, nami nikainunia mashine na kuiombea ife. Nilijua jicho lenyewe ni langu.

Fundi aliyeitwa na Kaka alipofika, alimwamkia Bibi, akaifungua mashine na kuichungulia.

"Hii ilichokonolewa ili isome gemu zilizonakiliwa," alimwambia Kaka. "Ikiingia mtandaoni, wenye mtandao wanaikagua. Wakikuta imebadilishwa wanaifungia, maana mashine ya namna hii inaweza kuwaibia wenzako ushindi."

"Kwa hiyo si jicho?" Bibi aliuliza.

"Si jicho, Bibi. Humu nyumbani itacheza kama kawaida."

Bibi aliendelea kufukiza. Mimi nilitoka nyuma ya pazia, mwepesi kama niliyepona homa. Kaka alinisogezea pedi ya pili ya kuchezea.

"Njoo basi," alisema. "Sina mwingine wa kucheza naye."