Siku Akina Mama Walipokalia Ndoo

Kiangazi kijijini kwetu, jirani na Busunzu, kilikuwa na harufu ya udaga, muhogo uliovundikwa na kuanikwa juu ya mawe mpaka uchachu wake ukaingia kwenye nguo na nywele. Mama Goreti, mkimbizi wa Burundi aliyetoka kambini kuja kulima na mama yangu, alinukia hivyo hivyo. Walimenya muhogo pamoja, huyu akiongea Kirundi, yule Kiha, wakielewana na kucheka mpaka visu viliwaponyoka. Mimi Mama Goreti alinifundisha kusuka vikapu; vyangu vilipinda upande, naye akavisifu.

Mwaka huo mvua zilikatika mapema. Maji ya kisima cha pampu yakapungua, maneno yakaongezeka: wakimbizi wanatumalizia maji. Mgambo akawekwa kisimani, akamrudisha Mama Goreti na ndoo tupu, mtoto akilia mgongoni. Mama alimpa maji ya mtungi wetu, kisha akashinda kimya. Na mama yangu akinyamaza, hata kuku walijiweka mbali.

Kesho yake alfajiri waliongozana kupanga foleni, Mama Goreti mbele, mama nyuma yake, nami nikiwafuata. Zamu yao ilipofika, mgambo akamsogeza Mama Goreti kando. Mama akafudikiza ndoo yake, akaikalia.

"Teka, mama, wenzako wanangoja," mgambo akasema.

"Aliye mbele yangu hajateka."

Jirani aliyefuata, ambaye nilidhani angefoka, akacheka na kukalia ndoo yake pia. Kisha mwingine, na mwingine. Akilini nilikwisha kumwona mama akipelekwa kituo cha polisi. Lakini jua lilipanda, chai haikuchemka nyumba hata moja, na wanaume wakaanza kuja kuuliza kulikoni. Mwishowe akafika mwenyekiti wa kijiji mwenyewe, povu la sabuni limemkaukia masikioni.

"Mnagoma?"

"Hatujagoma, Mwenyekiti," mama akajibu kwa upole. "Tuko kwenye foleni."

Kicheko kikalipuka. Mwenyekiti alijitahidi kukunja uso, akashindwa, akamwambia mgambo apishe. Mama Goreti akateka, na kabla ya kujitwika akammiminia mwenyekiti maji mikononi anawe. Vigelegele vikapaa. Wiki hiyo mkutano wa kijiji uliamua kila apangaye foleni ateke, awe mwenyeji au mgeni. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," wazee wakasema, kana kwamba ndivyo walivyonena tangu mwanzo.

Sasa naishi Kasulu, na nimo katika kikundi cha kutetea haki za wakimbizi na wahamiaji. Tuna fulana, tuna kundi la simu, na matamko tunayaandika vizuri. Mama nikimwita mwanaharakati huniuliza kama huo ni ugonjwa. Juzi mwanamke mmoja Mkongo, aliyefukuzwa mahali anapouzia mboga sokoni, alitujia kuomba msaada. Tukabishana muda mrefu juu ya maneno ya tamko, mpaka nikauliza nani kesho atakwenda kukaa naye pale sokoni. Mmoja akanyoosha mkono. Kisha mwingine, na mwingine.