Jina Kamili la Mti wa Baba Njeri

Nakumbuka Januari moja hapa ughaibuni, Germantown, baridi ikiuma hadi kwenye meno, nilipochukua msumeno nikaukata mti wa Baba Njeri. Nilikuwa kijana, mwanangu, na nilidhani natenda wema.

Baba Njeri, mume wa shangazi yangu, ndiye aliyeupanda nyuma ya nyumba. Alipofariki, Shangazi alimpeleka Nyeri kumzika, kama tufanyavyo sisi, akakaa huko miezi. Kaburi likawa ng'ambo. Huku alibakiwa na mti tu. Aliniachia niutunze. Kabla ya kuondoka alinitajia jina la mti huo la kisayansi, Metasequoia glyptostroboides, ambalo mumewe alimkaririsha hadi likamkaa kinywani. Nilicheka. Nikamwambia redwood inatosha, ndivyo kila mtu anavyouita.

Majani yalipogeuka rangi ya kutu na kuanguka pamoja na vijitawi vyake, nilihofu umekufa. Nikaenda maktaba kusoma habari za redwood, nikakuta kwamba hubaki kijani mwaka mzima. Basi, nikajua umenifia mikononi. Nikaona heri Shangazi akute pahali patupu kuliko akute maiti ya pili. Nikaukata, nikafukua na kisiki.

Alirudi Machi. Alisimama kwenye dirisha la jikoni, koti lingali mwilini, nikamweleza yote.

"Haukuwa umekufa," alisema. "Huo hupukutisha majani kila winter, spring unaamka. Ule uliousoma ni wa California, ni mwingine. Ndiyo maana nilikupa jina lake lote." Akaanza kulivua koti. "Kanisani akina Mama Njeri tuko wengi. Hospitalini nesi akiita Mama Njeri tu, akampa mwenzangu dawa yangu, si mtazika mtu juu ya jina?"

Hakunigombeza zaidi. Afadhali angenigombeza. Hakupanda mti mwingine, na kila Aprili alikunywa chai yake dirishani pale akitazama nyasi. Sasa naye amelala Nyeri, na majuto ni mjukuu. Mjukuu wangu huyu wa majuto amekua, hajaondoka nyumbani.

Mwanangu, jina la mtaani lafaa kwa salamu. Redwood ni jina la ukoo, na ndugu hawafanani tabia. Siku unayotaka kukata, kuzika au kuhukumu, uliza jina kamili, hata likikuvunja ulimi. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kucheka unapoambiwa. Mungu akupe sikio jepesi na mkono mzito, usije ukang'oa kilicholala tu.