Safu za Vitufe Zilizomficha Dezideri

Mwanangu, jana uliponionyesha hicho kivinjari cha kufungulia kurasa za intaneti unachokitengeneza chuoni, ulidhani mama hajaelewa. Nilielewa sana. Nilishtuka! Juu habari, pembeni hali ya hewa, chini vikatuni vinarukaruka, na ukurasa wenyewe umebanwa katikati. Nikakumbuka Ngara, mpakani na Burundi, asubuhi moja ya miaka ile ya wakimbizi. Mpaka leo nikiifikiria, mwili unanisisimka.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, namsaidia baba mdogo Mbaraka dukani. Unaujua ukoo wetu, watu wa pwani tuliofuata biashara ya nguo mpaka kule milimani. Duka la baba mdogo lilijaa khanga, ndoo na viatu hadi mlangoni, mteja anaingia ameinama. Kwake, duka lenye nafasi lilikuwa aibu. Basi alipofungua chumba cha intaneti kule nyuma, kompyuta nayo akaiendesha kama duka. Kila kivinjari kilipomuuliza kama aongezewe safu nyingine ya vitufe juu ya kioo, alikubali. Akaweka safu ya kutafutia, na nyingine ya kutafutia, ya utabiri wa nyota, ya hali ya hewa ya miji ambayo hatukuijua hata kwa jina.

"Mtu akikuletea zawadi mlangoni, utamfukuza?" alikuwa akiniuliza. Nami nacheka, maana kwetu kweli mgeni hafukuzwi.

Asubuhi hiyo akaingia Mama Spesioza, Mrundi, katoka kambini kwa miguu, vumbi mpaka magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa picha ya mtoto wangu iko humu."

Mwanawe, Dezideri, alimpotea njiani wakati wa kukimbia, akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Sasa ndugu yake aliyekuwa kambi za Kigoma alimpelekea habari kwamba kwenye ukurasa wa watoto waliopotea kuna mvulana wa jina hilo, anatunzwa ng'ambo ya ziwa. Na kesho yake lori lilikuwa linawarudisha watu Burundi. Akimwona, angebaki amfuatilie. Asipomwona, angepanda lori akamalizie msiba wake nyumbani. Alinieleza hayo taratibu.

Nikafungua ukurasa. Picha ikashuka polepole, mtandao wetu unaujua tena! Lakini zile safu zilikuwa zimekula kioo chote, umebaki upenyo wa kama vidole vitatu. Tukaona nywele na kipaji cha uso. Nikavuta chini, kipaji kikapotea, yakaja macho. Nikavuta tena, macho yakaenda, ukaja mdomo. Mama wa watu anainama, anakodoa. Miaka imepita, mtoto amekua, naye anaonyeshwa vipande vipande.

"Si yeye," akasema. Akainuka, akakaza kitenge chake kiunoni, akashika mlango.

Pale mlangoni akageuka, akaviangalia vile vitufe vinavyomemeteka.

"Hivi vyote ni vya nani?"

"Ni vya kompyuta, mama," nikajibu.

"Na yenyewe inamtafuta nani?"

Loo! Baba mdogo, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, aliinama begani kwangu akavitazama vile vitufe. Kisha akapaza sauti, "Toa! Toa zote, hata moja isibaki!" Nikaziondoa moja baada ya nyingine, na kila iliyoondoka, picha ikaongezeka. Nikamwita mama arudi.

Dezideri akawa pale mzima, kuanzia nywele mpaka kola ya shati. Mama Spesioza akaziba mdomo kwa kiganja.

"Huyu ni baba yake," akasema. "Huyu ni baba yake kabisa!" Kisha akapiga ukelele, watu wakakimbia kutoka dukani wakidhani kuna aliyekufa. Baba mdogo, mtu mzima na kanzu yake, akakaa juu ya ndoo za kuuza akalia.

Lori liliondoka bila yule mama, na baadaye mtoto aliletwa. Lakini mimi silali vizuri nikikumbuka kile kitenge alivyokuwa ameshakikaza. Zilibaki hatua chache tu, mwanangu! Angekwenda kumlilia mtoto aliye hai, kwa sababu ya hali ya hewa ya miji tusiyoijua.

Sasa nisikilize. Anayefungua kivinjari hakuja kukitazama hicho kivinjari chako, hata ukipambe vipi. Kuna kitu anakitafuta. Mpe nafasi akione, nawe kaa kando. Kila unachotaka kuongeza, kiulize kwanza lile swali la Mama Spesioza, kinamtafuta nani, na kikikosa jibu kitoe, hata kama umekesha ukikitengeneza. Najua inauma kukitoa.

Mungu akujalie moyo wa kuacha, mwanangu. Na siku mtu atakapokaa mbele ya kazi ya mikono yako akimtafuta wake, Mungu amjalie amwone uso mzima.