Maji ya Jua na Anayeoga wa Mwisho

Juzi, kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Gisenyi, mama mmoja anayevuka mpaka kuchuuza Goma aliweka kapu lake tupu juu ya kaunta, akaliegemea.

"Ile mashini ya jua mulituwekea iko mubovu. Kila magaribi mi naoga maji baridi."

Muuzaji hakubisha. Alichora paa kwenye karatasi. "Mama, jua inapasha maji mu tuyo, ile mabomba ya paa, ile ya moto inapanda yenyewe mu tanki. Kila ndoo munachota, ya baridi inaingia chini. Jua ikishazama, munaoga tu ile ilibakia. Donc, basi, nani anaoga kwanza, mbele yako?"

Mama akahesabu kwa vidole: mume, mama mkwe, watoto wanne, shemeji wa Goma wakilala kwao. Vidole vya mkono mmoja vikamwishia, akashika mkono wa pili.

"Na we?"

"Mi nikimaliza kupikia batu."

Muuzaji aliikunja ile karatasi polepole. Mama akashusha pumzi. "Bon. Basi niuzie sufuria, ile kubwa, nipashe yangu."

Mimi nilikuwa nimefuata bomba tu, na mtambo kama huo ninao; mwaka mzima nimeusifu kwa majirani. Nilipofika nyumbani nikamuuliza mke wangu anaonaje maji yetu ya jua.

Alikuwa anaosha vyombo, hakugeuka.

"Watu wanasema ni ya moto sana."