Fimbo ya Baba na Parachichi Moja

Wiki nzima sikupata usingizi kwa swali ambalo kwa nje lilikuwa dogo: tuitengeneze fimbo ya Baba ya kuvulia samaki, au tuiuze? Baba aliniachia mimi niamue. "Wewe ndiye umesoma," alisema, kana kwamba chuo kikuu tulifundishwa mambo ya mianzi.

Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Ikuti na shahada yangu wakati serikali imeshaacha kuwapangia wahitimu kazi. Barua zangu za maombi zilikwenda, majibu hayakuja. Nikawa nachuma chai pamoja na akina mama walioniita "mheshimiwa", nami nikimaliza mstari natumia muda mrefu kuwaza kama ule ulikuwa utani au huruma.

Fimbo ilikuwa ya mwanzi, lakini si mwanzi wetu wa kujengea. Vipande vyembamba viligundishwa pamoja kwa ustadi hata usione maungio. Mzungu wa shamba la chai, ambaye Baba alimfanyia kazi, alimwachia alipokuwa anaondoka nchini. Kwa miaka mingi Baba aliitumia kuvua katika mto Kiwira wale samaki wenye madoa, kila Jumamosi, akirudi suruali imelowa hadi magotini na uso umetulia. Kisha ncha ikavunjika, na Baba akaacha kwenda mtoni.

Aliamini kosa ni lake. Aliwaeleza watu kanisani, hata wasiouliza, kwamba aliirudisha fimbo kwenye mfuko wake wa kitambaa ina unyevu, ikaoza yote ndani kwa ndani.

Mimi ndiye niliyeivunja. Nilikuwa likizo, kidato cha tatu. Kingoe chetu cha kuangulia maparachichi kilikuwa kimeazimwa na jirani, na parachichi nililolitaka lilikuwa juu kabisa. Nikaitoa fimbo ya Baba mfukoni, nikaziunganisha sehemu zake, nikalipiga. Ncha ilipolia na kuvunjika, niliifuta fimbo vizuri, nikairudisha mfukoni na kufunga kamba ya mfuko kwa fundo lile lile la Baba. Hilo fundo ndilo linalonichoma kuliko yote.

Sasa mfanyabiashara mmoja wa mitumba Tukuyu alimwambia Baba kuwa kuna mgeni Mbeya anafungua hoteli na anatafuta vitu vya zamani vya kutundika ukutani. Hata iliyovunjika angeichukua, kwa bei nzuri. "Ila msiiguse," alionya. "Fundi wa hapa akishaitia mkono, yule haitaki tena."

Nilikuwa na sababu nyingi za kuiuza. Bati la jikoni lilivuja. Baba alikuwa amezeeka. Samaki wenyewe walikuwa wamepungua. Zote zilikuwa za kweli, na nilizipanga kichwani kama insha ya mtihani. Lakini nilijua nilichokitaka: fimbo iende Mbeya, itundikwe, asiwepo mtu wa kuitazama ile ncha kwa karibu.

Baba akasema kabla sijaamua twende kwanza kwa fundi wa miavuli sokoni, tusikie kama inatengenezeka. Fundi huyo, mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka pwani, aliivua miwani akaisogeza ncha puani kama anainusa.

"Nani kasema imeoza?"

"Mimi," Baba akajibu. "Niliiweka na unyevu."

"Mzee wangu, unajisingizia. Mwanzi uliooza hukatika kama biskuti. Huu umechanika. Fimbo hii imepiga kitu." Akanigeukia, anacheka. "Msomi, hebu tusaidie. Samaki wa Kiwira wana mapembe?"

"Sijui," nikasema.

Ndivyo nilivyodanganya mara ya pili, mtu mzima, mwenye shahada.

Tulikwenda kusubiri pikapu ya Ikuti. Baba alikaa juu ya gunia la viazi la mtu, mfuko wa fimbo magotini. "Kumbe haikuoza," alisema, kisha akarudia tena, taratibu, kwa Kinyakyusa. Alitabasamu peke yake. Sikuweza kulivumilia tabasamu hilo.

"Baba, ni mimi. Niliangulia parachichi."

Hakunitazama. Alitazama barabara.

"Lilidondoka?"

"Ndiyo, Baba."

"Lilikuwa limekomaa?"

"Hapana. Lilikuwa bichi."

Alitikisa kichwa. "Ungeniambia siku ile ningekuchapa," akasema, "na Jumamosi yake ningetafuta ufito wa kuunga ncha, nikaenda mtoni."

Nilitamani anichape pale pale, mbele ya wauza ndizi. Pikapu ilipokuja akasimama, akaniwekea mfuko mikononi. "Nilisema uamue wewe. Sijabadilisha." Akapanda bila mimi.

Nilirudi sokoni nikitembea haraka, nisije nikapata muda wa kufikiri. Fundi alikuwa anakunja waya wa mwavuli. Nilimweleza yote, la parachichi na la fundo pia, na safari hii hakucheka. Nikamwomba aikate ncha mahali ilipochanika na kuunga ufito wa mwanzi wetu.

"Yule wa Mbeya hataitaka," alisema. "Unalijua hilo?"

"Najua."

Akaikaza fimbo katikati ya magoti, akakwaruza alama, akaweka msumeno mdogo juu yake, akanitazama tena kwa kuniachia nafasi ya kughairi.

"Kata," nikamwambia, na nikaishika fimbo upande wa pili isitikisike.