Siku Nilipobatizwa kwa Maji Meusi

Wenzangu, haya nayasimulia mwenyewe kwa sababu Likasi nzima, mji wetu huku Kongo, imekwisha kuyasimulia, na kila mtu anaongeza yake, juzi nimesikia eti nilizimia (sikuzimia, nilitamani sana kuzimia lakini haikuwezekana).

Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, sijabatizwa mahali popote, na mume wangu Ilunga, fundi wa mashine kule Kakontwe wanakochimba mawe ya chokaa, ni Mkatoliki tangu utoto. Tulikuwa tunaishi bila ndoa ya kanisa, kwa hiyo kila Jumapili wakati wa komunyo wengine wanasimama, sisi tunabaki kwenye benchi tunaangalia viatu vyetu. Tukaamua nifuate mafundisho, nibatizwe, na katika misa ileile tufunge ndoa. Nikajifunza sala zote, nikajibu maswali yote ya katekista, mpaka padiri akanisifu mbele ya wenzangu. Basi, shetani alipokosa pa kunishika, akanishika kwenye mvi.

Ilunga ni mdogo kwangu (si sana, lakini mama yake hajawahi kusahau), nikawaza picha za ndoa, yeye kichwa cheusi, mimi kichwa kama nimemwagiwa unga, nikasema hapana. Asubuhi ya siku yenyewe nikapita kwa binti mmoja anayetengeneza nywele huko mtaa wa Panda, akanipaka dawa nyeusi ya bei ya chini, akaniambia, "Mama, usiguse maji mpaka kesho." Nikaitika vizuri kabisa. Yaani mtu anakwenda kubatizwa, anaambiwa asiguse maji, anaitika!

Akili ilinirudia njiani. Nikatafuta sashe, ile mifuko myembamba ya plastiki ya kufungia mkate, nikaivaa kichwani, juu yake nikafunga kitambaa cheupe, nikajiona mjanja.

Kanisa lilijaa. Padiri akaagiza kitambaa kitolewe, na Yaya Mwadi (yaya kwetu ni dada mkubwa), mama yangu wa ubatizo, akakitoa. Nikainama. Padiri akamimina maji, na kipaza sauti kilikuwa karibu, basi kanisa zima likasikia tapa-tapa-tapa, kama mvua juu ya bati. Akaacha kumimina, akanigusa kichwa.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni sashe, mompere," nikamjibu padiri.

"Maji haikufika pa kichwa. Bado haujabatizwa."

"Ubatizo haiwezi kupita hivi hivi, na sashe?" nikamwuliza, na kipaza sauti kikapeleka swali langu mpaka barabarani.

Yaya Mwadi, kwa hasira, akaing'oa ile sashe. Padiri akaanza upya. Maji ya kwanza, nikahisi kitu kinateremka shingoni. Ya pili, nikafumbua jicho moja, nikaona gauni langu jeupe lina michirizi myeusi mpaka kiunoni. Hapo mama mkwe, benchi ya mbele, akapaza sauti kwa mshangao wa kweli:

"Yesu wangu! Zambi yake njo ile iko inatoka!"

Kusikia kwamba hizo ni dhambi zangu zinatoka, kanisa likalipuka kwa kicheko. Kwaya wakajaribu kuokoa hali kwa wimbo, wakashindwa, wakacheka na wao. Padiri alimaliza maji ya tatu huku midomo inamtetemeka, na mimi nikageuka nikimbie, ndoa na komunyo nitavipata maisha mengine. Ilunga akanishika mkono.

"Unaenda wapi?"

"Niache. Unaona vile niko."

"Miye nilikupenda na mvi. Sasa nikimbie rangi? Kuya huku, tufunge ndoa."

Tukafunga, shati lake nalo limechafuka. Nilipopokea komunyo kwa mara ya kwanza nililia, na machozi yenyewe yalikuwa meusi.

Dawa ya nywele sitapaka tena, hata nikifa mtu asinipake. Na siku hizi kila wanapobatizwa watu wazima, katekista anapitisha kitambaa cheupe juu ya kichwa cha mmoja mmoja, anakikagua, halafu anageuka ananitafuta kwa macho.