Herufi Nene za Baba

Enzi zetu, sisi tuliokulia Rumonge, kando ya ziwa, herufi zilikuwa na tumbo. Hazikuwa hivi vijistari vya siku hizi unavyovikodolea macho mpaka uazime miwani ya jirani. Baba yangu ndiye aliyezichora, ubavuni mwa mitumbwi, juu ya milango ya maduka, kwenye ukuta wa kinyozi. A yake ilikuwa na mguu mmoja mwembamba na mwingine mnene kama gogo, na katikati kidirisha ambamo kidole changu kilipita kwa shida.

Baba alichora kwa mkaa juu ya kartoni, mama akakata kwa wembe, kisha baba akafuatisha kingo zake ukutani kabla ya kupaka rangi. Vile vipande vilivyodondoka tulivigombania, tukavifanya sahani za ugali wa mchanga. Mama hakukaa darasani hata siku moja, lakini ungemfumba macho ukampa kartoni, angeipapasa akuambie kama ni ya mumewe. Kisha tulitumwa mbali ufukweni, hadi pale wanawake walipoanikia ndagala, dagaa wa kwetu, tuzisome herufi kutoka huko. Tukishindwa, mama alishika wembe tena, akapanua dirisha kidogo. Mpaka leo nikinusa rangi mbichi nasikia njaa, kwa sababu rangi ile ilikaukia karibu na mawese yaliyokuwa yakichemka.

Siku moja direkteri wa shule yetu alimwomba baba aandike majina ya wanafunzi kwenye kadi ndogo. Baba akaandika kwa herufi zake zilezile, na kila jina likawa doa jeusi! Direkteri alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Alisema, “Hizi herufi si za kusoma mukononi. Ni za kuita mutu wa mbali.”

Halafu vita vikatufikia. Wakubwa waliviita kirizi, nasi watoto tukadhani ni homa fulani. Mama alikuwa amekwenda Nyanza-Lac, kusini kwetu, kumuuguza dada yake aliyejifungua. Milio ikaanza milimani asubuhi, na kufikia adhuhuri mtaa wote ulikuwa barabarani kuelekea Magara, upande wa kaskazini. Bibi, mama yake baba, alimkuta mwanawe amebeba kopo la rangi nyeusi.

“We mutoto, una akili gani? Rangi unabeba, sufuria unaiacha! Tutakula rangi?”

Tulifika Magara bila sufuria kweli, na bibi alihakikisha hatusahau.

Njaa tuliizoea. Mama ndiye tuliyeshindwa kukaa bila yeye. Njia ya kusini ilikuwa imefungwa, kwa hiyo angerudi kwa maji tu, na mitumbwi iliyotoka huko haikuthubutu tena kutia nanga Rumonge. Ilipita mbali na pwani, moja kwa moja hadi Bujumbura. Angejuaje kwamba sisi tuko hapa Magara, katikati ya njia? Niliwaza hivyo nikila, niliwaza hivyo nikicheza kamba, nikakosa hesabu ya kuruka.

Baba akamwomba mwenye ghala la samaki ukuta wake, ule mweupe unaotazama ziwa. Akapanda juu ya kreti na mkaa na uzi, akachora jina langu, ASHA, kila herufi ndefu kumpita yeye mwenyewe. Mtumbwi wa mjomba uliitwa jina hilo, na kartoni zake mama alikuwa amezikata mara nyingi.

“Lakini muke wako hajui kusoma,” bibi akamwambia.

“Hatasoma, mama. Ataona mukono wangu.”

Rangi ilitosha herufi zote nne, ikaishia hapo. Tukakaa. Zile siku nazikumbuka kama ndoto ya mchana, ziwa limetulia, milima ya Kongo imefifia ng'ambo, na mitumbwi midogo ikipita huko mbali bila sauti. Nilikuwa naogopa hata kupepesa macho.

Siku ya tano, mmoja ukageuza pua. Kuna mwanamke alikuwa amesimama katikati, abiria wakimvuta kanga akae, naye hakai. Nikaingia majini na nguo zangu za shule.

Mama alitueleza baadaye, akila samaki wa mukeke kwa mikono miwili. “Wenye mutumbwi walikataa kusimama. Nikawaambia, ile dirisha nilikata mimi! Bwana yangu iko pale!”

Bibi hakutaja tena sufuria.

Leo amani ipo, murakoze Mungu. Baba ametangulia, na ule ukuta umepakwa tangazo la simu. Binti yangu, mwenye duka la kuchapa Bujumbura, ana aina za herufi zaidi ya mia ndani ya mashine, hajawahi kuchafua ukucha, na akikaa nusu saa kuchagua moja anasema amechoka. Wiki iliyopita alimletea bibi yake, mama yangu, picha ya kibao kipya cha duka langu la hapa ufukweni, aione kwenye simu. Herufi nyembamba, za kijivu, za kisasa.

Mama aliishika simu akanyoosha mkono. Akaona haitoshi, akampa mjukuu wake na kumwambia arudi nyuma, arudi tena, mpaka akafika mlangoni.

“Ni nzuri, mujukuu wangu,” akasema. “Lakini mutu akiwa mu ziwa, atatuona namna gani?”